Ng'ombe Sitini

Kompyuta yenyewe haikunisumbua sana. Ultima VII ni gemu la mwaka 1992, la enzi za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows kutamba, na laptopu yangu ya Windows ya biti 64 haitaki hata kusikia habari za programu ya biti 16. Nikaweka DOSBox, ambayo kazi yake ni kuigiza kompyuta ya zamani ndani ya hii mpya. Gemu likagoma tena: Origin, waliolitengeneza, waliliwekea utaratibu wao wa memori uitwao Voodoo, na Voodoo na EMS, utaratibu mwingine wa memori wa DOS, havikai chungu kimoja. Nikaandika ems=false kwenye faili la mipangilio, likafunguka. Sasa likaanza kukimbia, watu wa mji wa Trinsic wanapita kama wamefumaniwa. Nikabonyeza Ctrl na F11 mpaka wakatembea kistaarabu.

Shida ilikuwa meya.

Gemu linaanza na maiti kwenye banda la farasi. Unapeleleza, kisha unamwendea meya Finnigan akupe neno la siri la kutokea mjini. Hakupi hivi hivi. Anakuuliza kisiwa fulani kiko latitudo ya ngapi. Ndiyo ilikuwa kinga ya wizi zama hizo: jibu limo kwenye ramani iliyouzwa ndani ya boksi, na ramani hiyo ni ya kitambaa. Najua, siku hizi gemu linauzwa mtandaoni na ramani yake ya PDF. Mimi nilikuwa na flopi za baba mdogo, alizorudi nazo kutoka masomoni Uingereza, na nilitaka kucheza za ukoo.

Nikampigia mama mdogo, Tukuyu.

"Kitambaa chenye visiwa? Kipo kwenye kochi, nimekidarizi kikapendeza."

"Mama, nipigie picha basi."

"Jumamosi tuna wageni, mwanangu. Njoo ubebe viti, utakiona mwenyewe."

Wageni walikuwa washenga wa dada.

Nikapanda Coaster kutoka Mbeya, nikaikuta Tukuyu na mvua yake. Viti nikabeba. Kuingia sebuleni, mshenga mkuu, mzee wa koti na fimbo, kakalia kochi lilelile, kisogo juu ya ramani. Majina ya miji yameandikwa kwa runi, herufi za kale za Ulaya, ndiyo maana mama mdogo anaamini mpaka leo kwamba kile kitambaa ni cha Wachina. Pembezoni, palepale penye namba, kadarizi mawaridi mekundu.

Nikatoa simu. Mzee akadhani nampiga picha yeye. Akafunga kifungo cha koti, akainua kidevu, Britannia, nchi nzima ya gemu, ikafunikwa. Nikasogea kushoto, akanigeukia. Nikapanda kigoda, akainua uso na kutabasamu.

"Utanirushia WhatsApp," akaniambia.

Mazungumzo yakaanza. Kwetu Wanyakyusa mahari ni ng'ombe, na wazee hawaendi kwenye namba moja kwa moja. Watapita kwenye migomba, watapita kwenye bei ya mbolea, watamuulizia marehemu fulani alizikwa wapi. Mimi nimesimama nyuma ya kochi na birika la chai. Mara mzee akainama kuchukua kikombe, kisiwa changu kikatokeza! Nikakiwekea kidole, nikavuka bahari taratibu, nikafika kwenye waridi, nikainua petali kwa ukucha.

Wakati huohuo mzee anamuuliza baba mdogo, "Haya, wenzetu, mnatutajia ng'ombe wangapi?"

"Sitini!" nikasema.

Mzee akageuka na kisogo chake chote. "Sitini?"

Nilitegemea baba mdogo anikane papo hapo. Akakuna ndevu. "Hayo ni maneno ya kijana," akasema, "ila mimi sijasikia mtu akiyakataa."

Dada akatoka jikoni na mwiko. Nikaanza kueleza kwamba hizo ni nyuzi, nyuzi za latitudo, meya ndiye anayezihitaji.

"Meya?" mshenga akauliza. "Serikali imeingiaje kwenye mahari?"

Mwenzake akamnong'oneza kwamba labda ni kodi mpya. Ikabidi wapewe chai upya, na ndizi, na kuku aliyekuwa amepangiwa kesho yake. Namba waliyokubaliana nimekatazwa kuitaja. Ni ndogo sana kuliko sitini, lakini ni kubwa kuliko ile waliyokuja nayo mfukoni. Dada hasemi nami. Baba mdogo kanitumia nauli, na ya juu.

Usiku, Mbeya, nikamfungulia Finnigan, sitini yangu mkononi. Maswali yake hubadilika. Akaniuliza kisiwa kingine.

Nikafungua picha za kwenye simu. Zote zimetoka safi kabisa. Kisiwa kiko nyuma ya sikio la kushoto la mshenga.