Saa ya Nairobi au saa ya UTC: hifadhidata ishike ipi?

Mauzo ya saa saba na dakika arobaini usiku, tarehe 1 Julai, katika kituo kimoja cha mafuta hapa Nairobi, yaliingia kwenye ripoti ya Juni. Hakuna aliyeiba. Seva ilikuwa ikiandika muda kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwake ilikuwa bado tarehe 30 Juni, saa nne na dakika arobaini usiku.

Ripoti hiyo niliiandika mimi. Aliyegundua ni mhasibu wa kituo, mama anayelinganisha kila kitu na daftari lake. Alinipigia simu: "Kijana wangu, pesa za usiku mnazipeleka wapi?" Kila siku ilikuwa inapoteza saa zake tatu za kwanza na kukopa saa tatu za kesho yake. Jumla ya mwezi ilikaribiana na ile halisi, na ndiyo maana kosa lilijificha kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo nawasikiliza kwa makini wanaosema UTC haina kazi kwetu. Hoja yao si ya kubeza. Kenya haisogezi saa kiangazi wala masika. Tuko +3, yaani saa tatu mbele ya UTC, mwaka mzima. Ukihifadhi saa ya Nairobi, DATE(muda), amri inayochukua tarehe tu kutoka kwenye muda, inatoa tarehe ile ile iliyo kwenye risiti, na mhasibu akifungua jedwali anasoma bila mkalimani. Wanaoidharau hoja hii sidhani wamewahi kukaa naye tarehe 19, ritani ya VAT ikitakiwa kufika kabla ya tarehe 20 kwisha, naye anatafuta shilingi zilizohamia mwezi mwingine.

Tatizo ni kwamba saa ya nchi huwekwa na serikali, na serikali hubadilisha. Sudan Kusini ilikuwa +3 kama sisi hadi 1 Februari 2021, iliporudi +2. Saa sita usiku ilipofika Juba, mishale ilirudishwa nyuma saa moja, hivyo ile saa kati ya saa tano na saa sita usiku wa 31 Januari ilipita mara mbili. Malipo yaliyoandikwa saa tano na nusu kwa saa ya Juba, bila alama nyingine, yalifanyika mara ya kwanza au ya pili? Jedwali haliwezi kujibu. Misri nayo ilianza tena mwaka 2023 kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Na hata bila serikali kubadilisha chochote, Kigali na Bujumbura ziko +2. Basi likitoka Nairobi kwenda Kigali, tiketi moja tayari ina saa za nchi mbili tofauti.

Kwa hiyo jambo lililokwisha kutokea mimi naliweka kwa UTC, na sioni sababu ya kurudi nyuma. Lakini anayechagua UTC amejitwika deni: kila swali analoiuliza hifadhidata lazima litaje siku ni ya nani. Ripoti ya Juni iandikwe hivi:

WHERE muda >= '2025-06-01 00:00+03:00' AND muda < '2025-07-01 00:00+03:00'

Mwanzo unaingia, mwisho hauingii. Ukitumia BETWEEN (kati ya muda huu na ule) ukaishia '2025-06-30', umeishia saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 30, na mauzo ya siku nzima yamebaki nje. Ukiifunika safuwima ya muda ndani ya DATE(), hata ukikumbuka kugeuza saa kwanza, mara nyingi faharasa ya kawaida ya muda, ile orodha ya kutafutia haraka, haitumiki tena, na hifadhidata inapitia jedwali lote mstari kwa mstari.

Yajayo ni habari nyingine. Miadi ya kliniki ya saa tatu asubuhi miezi sita ijayo ni ahadi ya saa ya ukutani: hifadhi saa hiyo pamoja na Africa/Nairobi, jina la ukanda wetu wa saa kwenye kompyuta, ili serikali ikibadilisha saa mgonjwa asifike kliniki imefungwa. Tarehe ya kuzaliwa haitaki saa kabisa.

Nilidhani nimemaliza. Nilipompelekea mama ripoti mpya, mauzo ya saa saba usiku yakiwa sasa chini ya tarehe 1 Julai, alitikisa kichwa tena. Zamu ya usiku huanza saa kumi na mbili jioni na kukabidhiwa saa kumi na mbili asubuhi, na dada aliyekuwa kwenye pampu usiku ule aliingia kazini tarehe 30. Pesa zikipungua, anayeulizwa ni yeye, kwa zamu ya tarehe 30. Kwa kodi, mauzo yale ni ya Julai; kwa dada wa pampu ni ya Juni. Wote wawili wana haki, na hakuna hesabu ya UTC wala ya +3 inayoweza kuwapatanisha, kwa sababu zamu wakati mwingine hukabidhiwa kwa kuchelewa na saa peke yake haijui.

Tukaongeza safuwima moja, tarehe_ya_zamu, inayojazwa na msimamizi anapofungua zamu. Ripoti ya mama siku hizi ina mistari miwili kwa mauzo ya usiku, na ule wa zamu ndio anaoutia alama ya kalamu nyekundu kwanza.