Siri ya Shahidi Si Siri ya Mkataba

Julai 2024, Nelson Amenya, Mkenya aliyekuwa akisoma Ufaransa, alianika mtandaoni nyaraka za mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30. Wananchi hawakuwa wameambiwa lolote. Nyaraka ziliposambaa, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ililazimika kukiri kwamba imepokea pendekezo hilo. Novemba 21, Rais William Ruto alisimama bungeni akaufuta mpango huo, siku moja baada ya habari kutoka Marekani kwamba Gautam Adani ameshtakiwa huko kwa madai ya hongo.

Siku hiyo Rais alifuta pia mpango wa pili wa Adani, ambao haukuzungumzwa sana Nairobi lakini sisi wa Nakuru ulitugusa moja kwa moja. Ulikuwa mkataba wa umeme kati ya kampuni hiyo na Ketraco, shirika la serikali la kusafirisha umeme, wa zaidi ya dola milioni 700, uliotiwa saini Oktoba. Laini zake zilikuwa za kutoka Gilgil hadi Konza, Rongai hadi Chemosit kupitia Keringet, na Menengai hadi Rumuruti, pamoja na kituo cha Thurdibuoro katika Kaunti ya Kisumu. Chama cha Mawakili kilikimbilia Mahakama Kuu, na utekelezaji ukasimamishwa wiki chache kabla ya Rais kuufuta. Mkulima wa viazi wa Keringet, ambaye nyaya zingepita juu ya shamba lake na bili yake ya stima ingelipia mradi huo kwa miaka 30, alipata habari za mkataba ukiwa umeshatiwa saini.

Ndiyo maana ukimuuliza mtu hapa mjini kuhusu hati zinazovuja, jibu huja haraka: zivuje zote. Naelewa hasira hiyo na ninayo pia. Lakini sikubaliani na neno "zote", na sababu yangu iko hapa hapa Nakuru.

Tume ya Jaji Philip Waki ilichunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na Nakuru na Naivasha zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Tume ilipomaliza kazi Oktoba 2008, majina ya washukiwa wakuu yalifungiwa ndani ya bahasha. Kofi Annan, aliyekuwa msuluhishi wa mgogoro huo, alikabidhiwa bahasha hiyo, na Julai 2009 akaipeleka kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) iliyoko The Hague. Wakati huo kelele zilikuwa nyingi: ifunguliwe, tuwajue. Waliopoteza watu wao walikuwa na haki ya kuuliza. Hata hivyo bahasha hiyo haikulinda washukiwa peke yao. Nyuma ya kila jina kulikuwa na watu waliolitaja, na wengi wao walikuwa bado wanaishi mtaa mmoja na jamaa za washukiwa hao.

Tulichokiogopa kilitokea baadaye. Septemba 2013, kesi ya ghasia hizo dhidi ya William Ruto, wakati huo Naibu Rais, na mtangazaji wa redio Joshua Sang ilipoanza The Hague, shahidi wa kwanza alitoa ushahidi uso na sauti vikiwa vimefichwa. Punde si punde, jina na picha zilizodaiwa kuwa zake zikaanza kuzagaa mtandaoni. Jaji Chile Eboe-Osuji akaonya kwamba kumfichua shahidi ni kosa la jinai. Aprili 2016 kesi ikasitishwa bila hukumu, na jaji huyo huyo akaeleza kwamba ilikuwa imeharibiwa na kuingiliwa kwa mashahidi. Aliyesambaza jina la shahidi yule naye alikuwa amevujisha siri, na alitumia mitandao ile ile inayotumika kuanika mikataba. Kwa hiyo mtu akiniambia kuvujisha ni ushujaa, kabla ya kumpongeza ningependa kujua ni nini kilichovuja na nani ataumia.

Upande wa serikali una hoja nyingine nzito ambazo sisi wa mtandaoni hatupendi kuzisikiliza. Chukua hiyo laini ya Rongai hadi Chemosit. Ramani kamili ikitolewa mapema mno, madalali watawahi kununua mashamba njiani kwa bei ya chini, wangoje fidia, na mwenye shamba asijue alichouza. Kuna pia nyaraka za kughushi. Barua yenye nembo ya serikali na saini ya kunakili hutengenezwa kwa simu katika muda wa kunywa chai, na kila wiki tunaona wizara ikiirudisha ile barua mtandaoni ikiwa imepigwa neno FAKE kwa herufi nyekundu. Mara nyingine neno hilo ni la kweli. Tatizo ni kwamba halina kitu cha kulithibitisha. Kama barua halisi zingekuwa kwenye tovuti ya wizara, mtu angezilinganisha mwenyewe. Zinapofichwa zote, ya kweli na ya uongo huonekana sawa, na mtu huamini ile inayopendeza chama chake.

Usiri uliopitiliza huwaumiza hata wasio na hatia. Ripoti ya Kroll, kampuni ya uchunguzi, kuhusu mali iliyodaiwa kuporwa wakati wa utawala wa Moi iliagizwa na serikali ya Kibaki, ikakaliwa, hadi ilipovuja kupitia WikiLeaks Agosti 2007. Ndani yake mlikuwa na majina ya watu na makampuni, mengine kwa ushahidi, mengine kwa tetesi. Kwa kuwa haikupelekwa kortini ikapimwa, mwizi hakuadhibiwa na aliyesingiziwa hakupata mahali pa kujisafisha.

Sasa tuje kwenye reli. Reli ya kisasa ya SGR kutoka Mombasa, tuliyoahidiwa ingefika Kisumu na Malaba, ilipita Nairobi ikaishia upande wa Naivasha mwaka 2019. Masharti ya mkopo wake kutoka China yalifichwa kwa miaka. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru mikataba itolewe baada ya wanaharakati wawili kushtaki, na Novemba mwaka huo Kipchumba Murkomen, wakati huo Waziri wa Uchukuzi, akatoa baadhi yake. Humo tukasoma kwamba mizozo ingeamuliwa Beijing kwa sheria za China, na kwamba kulikuwa na kipengele kinachoitaka Kenya kuyaficha masharti hayo hayo. Mwenye duka la Kibuye, Kisumu, amekuwa akilipia reli hiyo kupitia ada inayotozwa bidhaa kutoka nje tangu 2013, na treni yake haijafika kwao. Yeye ndiye mlipaji wa deni, lakini masharti ya deni alifichwa yeye. Wakopeshaji waliyajua tangu mwanzo.

Hapo ndipo ninapoona mpaka. Kumficha shahidi kunamkinga mtu mmoja asiye na nguvu dhidi ya wenye nguvu. Mkataba uliofichwa huwakinga waliousaini dhidi ya watakaoulipia. Najua si kila hati itaingia upande mmoja waziwazi. Hiyo ramani ya laini ya umeme ina pande zote mbili. Lakini hata hapo kuna njia: ficha vipimo vya mashamba hadi wenyewe waarifiwe, na utoe bei, muda, dhamana na majina ya wamiliki wa kampuni kabla ya saini. Hakuna dalali anayeweza kununua shamba kwa kujua kiwango cha riba.

Na sheria iko upande huo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kinaiagiza serikali itangaze yenyewe habari muhimu zinazoligusa taifa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa maafisa siku 21 kujibu, au saa 48 ikiwa maisha au uhuru wa mtu uko hatarini. Inaruhusu kukataa kwa sababu za usalama wa taifa au faragha ya mtu, na hapo inatakiwa kupimwa kama manufaa ya umma ni makubwa kuliko madhara.

Nilimsindikiza mzee mmoja wa mtaani kwetu kwenye ofisi moja ya umma, akiwa na barua ya kuomba hesabu za mtaro uliochimbwa ukaachwa wazi mbele ya nyumba yake. Karani aliisoma mara mbili. "Mzee wangu, hizi unazitakia nini?" Mzee akamjibu, "Kijana, huo mtaro uko mlangoni kwangu." Sheria haimtaki mwombaji aeleze sababu, na nilimwambia karani hivyo kwa heshima. Alipiga muhuri, akaandika tarehe kwa kalamu, akaweka barua juu ya rundo. Siku 21 zilipita bila jibu. Mzee alikuwa na haki ya kukata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma na ambayo ina ofisi Kisumu, lakini akasema atamtafuta mtu anayemjua ndani ya ofisi ile ampigie picha faili. Ndivyo hati zinavyoanza kuvuja: mlango wa mbele umefungwa.

Na huyo mtu wa ndani ataponea wapi? David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu aliyeona malipo ya kampuni ya Goldenberg, fidia ya serikali kwa dhahabu na almasi ambazo hazikuwa zimeuzwa nje. Nyaraka zake ziliwafikia wabunge wa upinzani Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, na mwaka 1993 sakata ikafika bungeni. Munyakei alikamatwa, akafutwa kazi, na alifariki mwaka 2006 akiwa maskini. Nyong'o amekuwa Gavana wa Kisumu tangu 2017. Natamani sana magavana waliowahi kunufaika na ujasiri wa karani kama yule wawe wa kwanza kuweka mikataba ya kaunti zao hadharani bila kuombwa.

Sheria ya Siri Rasmi ya 1968, yenye kifungo cha hadi miaka 14, bado ipo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kinakataza kumwadhibu anayefichua habari kwa manufaa ya umma, lakini mswada mahususi wa kuwalinda wafichuzi umezungushwa bungeni kwa miaka mingi. Wabunge wa Nakuru, Kisumu na kaunti zote za magharibi watarudi kutuomba kura 2027. Kila mmoja wao aulizwe hadharani atapigia mswada huo kura gani, na jibu lake liandikwe.