Blubeli huuawa na nyayo kuliko mikono

Aprili ikifika katikati, misitu mingi ya Uingereza hugeuka buluu chini ya miti, na watu humiminika kuitazama. Buluu hiyo ni ya blubeli, ua la mwituni lenye vikengele. Wana haki, kwani karibu nusu ya blubeli zote duniani huota katika visiwa vya Uingereza. Lakini mawaidha wanayopewa yameelemea upande mmoja: usichume, usichume. Kuchuma si vizuri, sawa, ila kinachoyamaliza maua haya ni miguu.

Utazame mmea wenyewe kwa karibu. Ardhini kuna tunguu dogo jeupe. Majani yake ni membamba, laini, yamejaa maji, na huchomoza miti ikiwa bado haina majani. Yana wiki chache tu za kupata jua kabla majani ya miti hayajafunga anga juu yake, na ndani ya wiki hizo ndipo tunguu hujiwekea akiba ya mwaka mzima. Ukilikanyaga jani likavunjika, haliinuki tena. Tunguu hubaki na njaa, na mwaka unaofuata huenda lisiwe na nguvu ya kutoa ua wala mbegu. Mbegu nayo, tangu iote, huchukua miaka 5 hadi 7 hivi kufikia ua la kwanza.

Hatua tatu za kuingia kupigwa picha huonekana si kitu. Tatizo ni anayekuja nyuma: akiona majani yamelala hudhani ni njia, naye hupita papo hapo. Jumamosi na Jumapili moja yenye jua inatosha kuzaa kijia kipya.

Sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa mwituni bila idhini ya mwenye ardhi, na tangu 1998 ni kosa kuuza matunguu au mbegu za blubeli zilizotoka porini. Nyayo zimeachiwa dhamiri ya mtembezi. Ndiyo maana napenda sana kinachofanywa kwenye msitu mdogo wa Chalet Wood, ndani ya Wanstead Park, mashariki mwa London: magogo yamelazwa kandokando ya vijia, basi. Mguu unajua mwisho wake. Kila msitu wenye wageni wengi ungefanya hivyo.

Picha nzuri haidai kuingia ndani. Tafuta mahali kijia kinapopinda, chuchumaa mpaka simu iwe sawa na vichwa vya maua, kisha vuta karibu. Ukipiga ukiwa umesimama, utaona udongo katikati ya mashina. Ukishuka, maua yanapandana na kuwa zulia. Nenda asubuhi na mapema, au siku ya mawingu. Jua la saa sita hutia mabaka meupe na meusi, na buluu yenyewe hupauka.

Ukiwa umechuchumaa hivyo, chunguza kama ni blubeli ya asili. Shina lake huinama upande mmoja kama limelemewa, vikengele vinaning'inia upande huohuo, ncha zake zimejikunja nyuma, chavua ni nyeupe ya maziwa, na harufu ni tamu. Ile ya Kihispania iliyotoroka bustanini husimama wima, maua yakiwa yamezunguka shina pande zote, chavua ya buluu, harufu hafifu. Hizi mbili huzaliana kwa urahisi, kwa hiyo anayemwaga taka za bustani pembezoni mwa msitu anaharibu zaidi ya anavyodhani.

Vaa suruali ndefu uichomeke kwenye soksi, maana kupe wapo na wanaweza kuambukiza ugonjwa wa bakteria uitwao Lyme. Ukimkuta amekung'ata, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja bila kumsokota. Mbwa afungwe kamba: tunguu lina sumu, na akiachiwa hukimbia katikati ya maua.

Mwishoni mwa Mei buluu huisha na wengi huona msitu uko huru tena, wakaanza kukata njia popote. Majani bado yanalisha matunguu wakati huo, na vibumba vya mbegu vinakomaa juu ya mashina. Baki kijiani hadi majani yawe ya manjano na kulala yenyewe.