Tuonyesheni Kitabu cha Wageni cha Afya House, Makao ya Wizara ya Afya

Kuuza sigara moja moja Kenya ni kosa tangu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007. Sasa nenda kwenye kioski chochote karibu na steji ya matatu: pakiti iko wazi kando ya kopo la peremende, na kibiriti cha gesi kinaning'inia kwa uzi ili mteja awashe papo hapo. Tumezoea kusema sheria zetu ni nzuri, shida ni utekelezaji. Mimi naona tunamlaumu askari wa kaunti kwa kazi iliyovurugwa mapema na watu wenye suti.

Kanuni za kuipa nguvu sheria hiyo zilitoka 2014, miaka saba baadaye. Zilidai picha za maonyo kwenye pakiti, na kampuni zichangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwenye mfuko wa kudhibiti tumbaku. Mwaka 2015, kabla hazijaanza kutumika, kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilikwenda Mahakama Kuu na zikasimamishwa. Ilishindwa kwa sehemu kubwa 2016, ikashindwa kwenye rufaa 2017, na Novemba 2019 Mahakama ya Juu nayo ikaitupa kesi. Wengi wakifika hapo hupiga makofi. Mimi huhesabu miaka. Kesi ikiburutwa, sigara zinauzwa, na ada ya wakili inaingia kwenye hesabu pamoja na mafuta ya lori.

Kanuni hizo zilisema pia kwamba mtumishi wa umma asikutane na kampuni ya tumbaku ila inapolazimu, tena kwa uwazi. Hilo nalo lilipingwa mahakamani. Kukataa picha ya pafu lililooza naelewa, inafukuza wateja. Lakini kuandika nani alikutana na nani kunamfukuza nani?

Kila mjadala huu ukianza, huletwa mkulima wa tumbaku wa Migori: atakula nini? Swali ni halali, ila wanaoliuliza kwa sauti kubwa si wakulima. Baadhi ya wakulima wenyewe wamehamia maharagwe ya Nyota, yale yenye madini ya chuma, kupitia mradi unaoungwa mkono na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya WHO, FAO na WFP.

Sisemi wenye maslahi wafungiwe mlango. Wakenya watatu wanaoishi na VVU waliipinga Sheria ya Bidhaa Ghushi ya 2008, kwa sababu ilieleza "ghushi" kwa upana kiasi kwamba dawa halali za bei nafuu zingeweza kunaswa humo. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliwapa haki. Nao walikuwa na maslahi yao, kubaki hai, lakini ombi lao lilikuwa kwenye jalada la mahakama, mbele ya macho ya kila mtu.

Leo tuna SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Viwango vya malipo vikipangwa, wenye hospitali binafsi wana chama, kampuni za bima zina chama, na wauza dawa pia. Mgonjwa wa figo yuko kwenye foleni ya kusafishwa damu. Basi kanuni ile ya kukutana na kampuni za tumbaku iwabane wote hao: tarehe ya kikao, majina ya waliohudhuria na walichoomba, vyote viwekwe kwenye tovuti ya wizara ndani ya wiki mbili. Kamati ya Afya ya Bunge ianze kwa kudai kumbukumbu za vikao vyote vilivyopanga viwango vya SHA.