Projekta ya kukopia notsi

Hivi jamani, wazazi wamechangishwa weee mpaka projekta ikapatikana, afu ticha wa fizikia anaitumia kurusha ukutani notsi zilezile za pdf watoto wakae wanakopi, si bora hata chaki? Mdogo wangu yuko kidato cha pili, nimemkagulia daftari, mada ya umeme kajaza kurasa kibao, mpaka namba ya slaidi kaikopi, ila muulize ukiongeza balbu kwenye sakiti ya mfululizo mwanga unakuwaje, anakutolea macho tu. Na dawa ipo bure kabisa! PhET, yale majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, ipo tangu 2002, unavuta waya, unaweka betri, unaongeza balbu unaziona zinafifia hapohapo, na ukishaidaunlodi hata bando huhitaji. Hesabu nako kuna GeoGebra, unasogeza namba moja grafu inacheza. Najua maticha wengine semina hawajapewa, na umeme ukikatika ndo basi tena, hao siwalaumu. Ila huyu wetu laptopu anaijua vizuri tu, mechi ya Simba na Yanga anaistrimu humohumo stafu bila kukwama!