Ligeti anadaiwa nini na Afrika?

Konseto ya piano ya György Ligeti, yaani kazi ya piano na orkestra, ilipigwa kwanza mjini Graz mwaka 1986, ikiwa na sehemu tatu. Mtunzi hakuridhika, akaongeza mbili, na zote tano zikasikika Vienna mwaka 1988. Ni kazi ya dakika ishirini na ushei, lakini ubishi wake haujaisha: Mhungaria huyu alijifunza kwa Waafrika, au alijichotea mali yao?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi wake kutoka Puerto Rico, Roberto Sierra, alimsikilizisha muziki wa pembe wa Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, uliorekodiwa na mtafiti wa muziki Simha Arom. Kila mpiga pembe ana noti moja tu, na wimbo unatokea kwa kupokezana. Hakuna kondakta, wala karatasi.

Wanaolalamika wana hoja. Konseto ina jina la mtunzi, mchapishaji na haki miliki. Wapiga pembe wanabaki kuwa "kabila fulani". Hilo silitetei.

Ila kuiita wizi, hapo nasita. Ukitafuta ndani ya konseto wimbo wa Kibanda, huupati. Alichochukua ni njia ya kufikiri: mapigo madogo ya haraka yaliyo sawasawa, ambayo kila chombo kinayagawa kivyake. Sehemu ya kwanza imeandikwa kwa mizani miwili, yaani mipangilio miwili ya mapigo, kwa wakati mmoja: 12/8 na 4/4. Na hakuficha alikotoa. Kitabu cha Arom kuhusu muziki wa Afrika ya Kati kilipotoka kwa Kiingereza, dibaji aliandika yeye.

Kwa msomaji wa huku kwetu, mlango rahisi wa kuingilia ni amadinda, marimba ya mbao ya Buganda. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, mmoja akichomeka noti zake katikati ya noti za mwenzake. Kasi ikipanda, sikio linazikusanya noti zilizo jirani na kusikia wimbo ambao hakuna mkono unaoupiga. Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, aliyefundishwa amadinda na Evaristo Muyinda mjini Kampala, aliieleza hali hiyo kwa kina. Sehemu ya tatu ya konseto inacheza na mazingaombwe hayohayo, ila piano na orkestra ndizo zinazomdanganya msikilizaji.

Hata hivyo, tusiigeuze konseto kuwa muziki wa Kiafrika uliovaa suti. Sehemu ya pili, ya polepole na ukiwa, ina okarina (kijifilimbi cha mviringo) na filimbi ya kuvuta, na haifanani na ngoma yoyote ninayoijua. Ligeti alivutiwa pia na mtunzi Conlon Nancarrow, aliyetoboa karatasi za piano za kujiendesha ili kupata midundo ambayo vidole haviwezi. Mtu aliyempoteza baba na mdogo wake katika kambi za Wanazi, kisha akakimbia Hungaria mwaka 1956, ana mengi ya kwake ya kusema.

Mwaka 2003 mpiga piano Pierre-Laurent Aimard alitoa albamu iliyoweka vipande vya piano vya Ligeti pamoja na uimbaji wa Waaka, jamii ya misitu ya Afrika ya Kati. Wazo zuri, maana msikilizaji analinganisha mwenyewe. Lakini hata pale, Ligeti ana jina lake na waimbaji wana jina la jamii yao. Wanaoandaa maonyesho ya konseto hii wangeanza kurekebisha hapo: waite kikundi cha amadinda kipige nusu ya kwanza, kilipwe, na majina ya wapigaji yachapwe kwenye ratiba kwa ukubwa uleule wa jina la mpiga piano.