Dalali wa riwaya: mtoto wa Amu amfuate mpaka London?

Wiki iliyopita baada ya alasiri kaja nyumbani binti mmoja wa Langoni, mtaa wa hapa Amu (Lamu), mamake na mke wangu ni watu wa siku nyingi, laptopu kaikumbatia kama mtu aliyebeba msahafu, akanambia ami, nimemaliza. Umemaliza nini? Riwaya. Maneno elfu 90 na kitu, miaka mitatu anaandika usiku watu wakishalala, kwa Kiswahili, na wahusika wake wakiongea wanaongea Kiamu kabisa, Kiswahili chetu cha Lamu, hiki hiki cha mato na ndia na yana. Nikampa hongera, chai ikaja, halafu akaniuliza swali ambalo nimekaa nalo wiki nzima. Ami, sa hii nitapataje ajenti?

Hapa kwetu ukisema ajenti watu wanajua wa M-Pesa, ama yule wa tikiti za basi la Mombasa. Wa vitabu hamna. Lakini kazi yenyewe tunaijua sana, ina jina lake, udalali. Yule jamaa anayemjua Mzungu anayetaka nyumba Shela, na anamjua na mjane mwenye nyumba ya mawe yenye zidaka, yeye hana nyumba wala hana pesa, alicho nacho ni kujua nani anataka nini. Ajenti wa vitabu ni huyohuyo, ila anakaa London ama New York na anauza miswada kwa maedita. Tofauti kubwa ni moja, dalali wetu wa nyumba mara nyingi anakula huku na huku na mjane hajui hata bei aliyotajiwa Mzungu, wa vitabu anakula upande mmoja tu, kwa mwandishi, asilimia 15 kwa mauzo ya nchini kwao na kama 20 hivi kwa tafsiri na nchi za nje, na anakula ukishakula wewe. Hujalipwa, hajalipwa.

Kwa hiyo hili niliseme kabla ya mengine, ukipata imeili ya mtu anajiita ajenti, amependa sana kazi yako, ila kuna ada kidogo ya kusoma, ama ya kusajili, ama ya edita wake wa pembeni, huyo ni tapeli, funga. Siku hizi wanaiba mpaka jina na picha ya ajenti wa kweli, anwani ya imeili ndo inawaumbua, nenda kwenye saiti ya kampuni yenyewe uiangalie kama ipo.

Sasa wanaosema mtafute ajenti wana hoja, tena nzito. Yale majumba makubwa ya Kiingereza, Penguin Random House, HarperCollins, Hachette na wenzao, kwa kawaida hayapokei mswada wa riwaya kutoka kwa mwandishi mwenyewe, ukituma ni kama umetupa baharini. Mlango ni ajenti. Ila mimi naona mlango sio faida kubwa, faida kubwa iko kwenye karatasi. Mwandishi akiona mkataba wa kwanza maishani mwake hasomi, anashukuru Mungu halafu anatia saini. Nina rafiki yangu, wa bara huyo, alitia saini mkataba ulioandikwa haki zote, lugha zote, kwa muda wote wa hakimiliki, yeye akaona ni maneno ya mawakili tu, miaka ikapita wakaja watu wanataka kufanya filamu ya hadithi yake ndo akajua hana cha kuwauzia, kila kitu ni cha mchapishaji. Ajenti mzuri hakubali hiyo hata siku moja. Anakatakata haki kama mchuuzi anavyomkata nguru, kichwa huyu, mkia yule, Uingereza mchapishaji mmoja, Marekani mwengine, Kijerumani mwengine, kitabu cha kusikiliza, filamu, kila kipande na bei yake, na anaweka kifungu kwamba kitabu kikiacha kuchapishwa haki zinarudi kwa mwenyewe. Asilimia 15 kwa kazi hiyo si ghali.

Lakini riwaya ya huyu binti ni ya Kiswahili, na hapo ndo pagumu. Ajenti wa London hasomi Kiswahili, na hata akikisoma edita wa kumuuzia hayupo. Kwa hiyo ile asilimia 15 tunayobishania sio bei, bei ni lugha. Itabidi akae chini aiandike upya kwa Kizungu, na watu hawafikirii hesabu yake, Kiswahili neno moja linabeba sentensi nzima, nimekwambia ni neno moja kwetu, kwa Kizungu ni manne. Riwaya ya kwanza ya mtu maajenti wanapenda iwe maneno elfu 80 mpaka laki moja, hii ya elfu 90 ikivuka bahari itafura ipite laki na ishirini, akipeleka hivyo wanaikataa kwa unene tu kabla ya kufungua sura ya kwanza. Na mato, ndia, yana, vyote vinakuwa maneno ya kawaida ya Kizungu ambayo mtu wa Lamu na mtu wa Leeds wanayasema sawasawa. Ingawa tuwe wakweli, edita wa Nairobi naye akiipata atayageuza yawe macho, njia na jana ili kiwe Kiswahili sanifu, kwa hiyo Kiamu kinaliwa huku na huku.

Tuseme basi amekubali, ameandika Kizungu. Njia yenyewe si siri. Riwaya iwe imekwisha kabisa, si nusu. Uingereza wengi wanataka barua fupi ya ukurasa mmoja, muhtasari wa hadithi mpaka mwisho wake (ndio, na mwisho, sio wa kuficha kama tangazo la filamu) na sura tatu za mwanzo, Marekani wanaanza na barua na kurasa chache tu. Kwenye barua unataja vitabu viwili vitatu vya miaka ya karibuni vinavyofanana na chako ili ajenti ajue atakiweka rafu gani. Unatuma kwa watano, sita, unangoja wiki nane, kumi na mbili, wengine hawajibu kabisa na kutojibu ndo jibu. Nishaona watu wakitumia miaka miwili hapo. Na akipata, hela ya awali inakuja vipandevipande, kutia saini kipande, kukabidhi kipande, kutoka kitabu kipande, na za Marekani zinakatwa kodi asilimia 30 kabla hazijatoka kule manake Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi. Haya hawakwambii kwenye video za kutia moyo.

Upande wa pili ni Nairobi, ama Dar. Huku ajenti hahitajiki, wachapishaji wanapokea mswada wa mwandishi moja kwa moja, tena wengine hawajazoea kabisa kuongea na mtu wa kati. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwenye mauzo, kawaida ni asilimia 10 hivi. Ila soko la riwaya ya Kiswahili Kenya ni shule, ukiteuliwa seti buku umepata, usipoteuliwa utauza kwa marafiki na kwenye hafla, na kitabu cha kuingia shule lazima kiwe na adabu ya shule, na huyu binti ana sura moja ya harusi ambayo mamake mwenyewe sijui atasema nini. Kuna na tuzo ya Safal-Cornell, ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, hiyo inapokea mswada wa Kiswahili ambao haujachapishwa, mshindi wa nathari amekuwa akipata dola 5,000, na baadhi ya miswada iliyoshinda imechapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar. Kwa mwandishi wa Kiswahili mimi naona tuzo kama hiyo inafanya nusu ya kazi ya ajenti, inakutoa kwenye lundo na inakupa jina kabla hujakaa mezani na mtu.

Nishasikia watu wakisema aah, andika Kizungu kwanza, ukishasifika Kiswahili kitakuja chenyewe. Kitakuja lini? Abdulrazak Gurnah mzaliwa wa Unguja, mtu wa pwani hii hii, Paradise yake ilitoka 1994, Kiswahili chake, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, kimetoka 2022, yaani mpaka apate Nobeli kwanza. Miaka 28. Lakini na wale wa andika Kiswahili tafsiri itakufuata nao wasicheke sana, Rosa Mistika ya Kezilahabi ni ya 1971 na Kiingereza chake kimechapishwa Marekani 2025, mwenyewe keshafariki. Miaka 54. Ukipiga hesabu tu, hoja ya Kizungu inashinda karibu mara mbili. Mimi siipigi hivyo, manake hiyo miaka 54 Kezilahabi alikuwa anasomwa, tena sana, watu walimbishania na kumpigia marufuku na kumrudisha, wakati ile miaka 28 bibi yangu hakuwahi kujua kuna riwaya ya biashara ya misafara inayoanzia kwenye pwani anayoijua yeye.

Na kuna njia ya katikati ambayo haisemwi sana. Jennifer Nansubuga Makumbi, Mganda anayeishi Manchester, riwaya yake ya kwanza, Kintu, ilishinda shindano la miswada la Kwani?, wachapishaji wa Nairobi, 2013, ikachapishwa Nairobi 2014, ikasomwa huku kwetu kwanza, Marekani ikatoka 2017 na Uingereza baadaye. Aliandika Kizungu, sawa, lakini alianzia kwa wasomaji wake na wale wa kule wakaja kugonga. Na sisi watu wa Amu tusijifanye mswada wa hapa kufika London ni mambo ya juzi. Muhamadi Kijuma, mshairi wa hapa hapa, aliyefariki miaka ya 1940, aliwanakilia Wazungu tendi kwa hati yake ile nzuri na karatasi zake nyingine ziko SOAS, chuo cha London, mpaka leo, na utendi wa Mwana Kupona wa 1858 Alice Werner na Hichens waliutoa na Kiingereza chake 1934. Hao walikuja wenyewe, na walichokuja kutafuta kilikuwa ni kwa lugha hii. Najua utasema Mwana Kupona hakupata senti, na ni kweli, wala Kijuma hakuwa na mtu wa kumsomea mkataba.

Basi nilimwambia hivi. Hii riwaya usiigeuze. Ipeleke kwenye tuzo, na wakati huohuo uipeleke Nairobi ama Dar, lakini uza Kiswahili tu, haki za tafsiri na filamu ziandikwe wazi kwamba ni zako, wakikataa waulize watazifanyia nini, kama hawana mpango nazo wanazitakia nini. Tafuta wakili asome mkataba mara moja, umlipe, ni kazi ya siku moja, utakuwa umenunua kile kipande cha ajenti chenye manufaa bila kuvuka bahari. Ukitaka London, andika kitabu cha pili kwa Kizungu tangu ukurasa wa kwanza, kifikirie hukohuko, usitafsiri. Akanambia ami, na Nairobi wakisema riwaya bila shule haiuziki? Nikamwambia watasema, na huenda ni kweli, na hapo wale wanaokwambia London watakuwa na haki ya kukucheka.

Hakuridhika sana, nilimuona. Mtoto wa miaka 24 anataka kusikia London. Mke wangu naye akadakia kutoka jikoni kwamba mimi mwenyewe nina mswada kwenye kabati tangu tuoane na sijaupeleka London wala Mokowe hapo ng'ambo, nikanyamaza.

Kaniachia kurasa 30 kwenye flashi. Nimezianza jana usiku, nzuri, kuna mahali zinachelewa lakini nzuri. Ukurasa wa nane kuna nahodha mmoja hajapewa jina, ana jahazi na wake watatu na deni la kila duka la Langoni, na mimi nishamjua ni nani, na mtaa mzima utamjua, na yeye mwenyewe kusoma anajua.